Toleo la Nyumbani, Toleo la Kazi

"Sasa, mzee," Bonyeza aliuliza, huku akiigonga kompyuta kwa kidole kama mtu anayepima tikiti maji, "mfumo mpya nikuwekee toleo la nyumbani au toleo la kazi?"

Swali lenyewe lilikuwa la kawaida. Bonyeza ni fundi wa kompyuta, na maswali ya namna hiyo huyauliza mara kumi kwa siku, hata hilo jina la utani alipewa kwa sababu mteja akimlalamikia lolote yeye humjibu, "Bonyeza tu, itakubali." Lakini Mama Uzi, aliyekuwa dirishani akitunga uzi mwekundu kwenye cherehani ya kudarizi, alilisikia swali hilo kwa namna nyingine. Uzi ukamponyoka.

Mumewe hakugeuka. Watu walimwita Fundi Nembo, maana katika mitaa ile hakukuwa na sweta ya shule wala jezi ya timu ambayo haikupita mikononi mwake kupigwa nembo kifuani. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, miwani puani, uso ameuelekeza kwenye kioo cha kompyuta, ametulia kama mtu anayesoma gazeti.

"Muulizeni mama," akasema. "Mimi hapa mwajiriwa tu."

Wakacheka. Aliyecheka zaidi ni binti yao, karani wa ofisi ya bima, ambaye ndiye aliyemleta Bonyeza. "Mama na kompyuta, wapi na wapi! Baba, mashine ni yako. Sema unataka lipi."

"Nimeshasema. Mama."

"Basi nitawasemea mimi. Toleo la nyumbani linatosha, tena nimeshalilipia. Ni zawadi yangu kwenu. Lina picha kubwa, rangi nzuri, kila kitu kipo palepale mbele ya macho. Ukitazama tu unaona pa kubonyeza. Si kama hili gofu lenu."

Gofu lenyewe lilikuwa na miaka kumi na tisa. Kasha la kompyuta lilikuwa limeshabadilishwa mara mbili, kioo mara tatu, lakini mfumo ndani yake ulikuwa uleule wa siku ya kwanza, na sasa ulikuwa umewaletea balaa. Shule kubwa ya jirani, iliyowapa kazi ya nembo tangu binti mwenyewe akiwa mwanafunzi wake, ilikuwa imeandika barua. Flashi zenu, barua ilisema, zimetuletea virusi ofisini mara mbili. Mfumo mnaoutumia umepitwa na wakati. Kama hamjaubadilisha kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, kazi tutaipeleka kiwandani. Mwalimu wa sare atakuja mwenyewe kuhakikisha.

Na ikienda kazi ya shule, imekwenda kazi yote, maana timu na vikundi vya kwaya haviwezi kulisha nyumba mwaka mzima. Hilo walilijua wote waliokuwa chumbani. Lakini lilikuwepo jambo jingine ambalo walilijua wawili tu, mke na mume.

Fundi Nembo alikuwa haoni.

Si kipofu wa kushikwa mkono, la hasha. Pembeni alikuwa anaona vizuri. Aliuona mlango, aliiona meza, alimwona mtu akipita akamsalimu kwa jina kwa kuujua mwendo wake. Ila pale katikati, pale hasa mtu anapotaka kutazama, palikuwa pameingia ukungu ambao kila mwezi ulizidi kunenepa. Daktari alisema ni jicho kuchakaa, na lililochakaa halishonwi. "Macho yangu yamekuwa kama paka," mzee alimwambia mkewe siku ile walipotoka hospitali. "Ukimwita haji. Ukiacha kumwita, huyo miguuni." Wakacheka njia nzima, na walipofika nyumbani Mama Uzi akaingia bafuni akalia, akafungulia maji ya bomba yasikike yeye asisikike.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo nembo zilitoka, tena safi, kwa sababu mzee hakuhitaji macho. Alihitaji vidole. Mfumo ule aliujua kama unavyoijua nyumba yako ukizimikiwa na umeme: chini mara tatu, kulia mara moja, enta, programu imefunguka. Kila nembo aliyowahi kuichora alikuwa ameipa namba, na namba zote zilikuwa kichwani. Andika kumi na nne, enta, hiyo nembo ya shule. Mama Uzi alitunga nyuzi, akafunga kitambaa kwenye fremu, akakagua kazi ikitoka. Mteja aliyekaa upande wa pili wa meza aliona mgongo wa kioo na uso wa mzee mwenye miwani, akaridhika.

Sasa leo mtu aje ampe mfumo ambao "ukitazama tu unaona pa kubonyeza"!

"Tupeni mpaka kesho," Mama Uzi alisema.

Binti alimtazama mama yake kwa mshangao. "Kesho ya nini, Mama? Kuna cha kufikiria hapo?"

"Kipo. Nimesema kesho."

*

Walipobaki wawili, Fundi Nembo alivua miwani, akaiweka mezani. Miwani yenyewe haikumsaidia kitu. Aliivaa kwa ajili ya watu.

"Mwambie mwanao," mkewe alisema.

"Bado."

"Bado mpaka lini? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mimi siumwi kifo, naumwa macho." Akaisukuma miwani pembeni. "Unamjua yule. Akijua, kesho yake atakuja na gari. Atasema, Baba, umefanya kazi vya kutosha, njoo ukae kwangu upumzike. Nitawekwa kwenye kochi zuri. Nitaletewa chai. Watu watapita wakiuliza hali yangu, yeye atajibu kwa niaba yangu. Mke wangu, mimi sikatai kupumzika. Lakini niache kazi kwa mguu wangu, nisibebwe."

Mama Uzi alimjua binti yake, na mzee hakuwa amemsingizia. Ni mtoto mwema, lakini wema wake una haraka.

Akavuta kiti. Akatoa daftari ambalo waliandikia vipimo vya wateja, akageuza ukurasa mpya.

"Fanya kazi," akasema. "Kuanzia mwanzo. Zima, kisha uwashe. Polepole. Kila kidole unachoshusha, nitaandika."

Mzee akazima, akawasha. Kompyuta ikakoroma, ikapiga ule wimbo wake mfupi wa kuamka, na wote wawili, bila kukusudia, wakatabasamu. Wimbo ule! Siku ya kwanza ulipolia ndani ya nyumba hii, majirani walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Mzee, wakati huo hana hata mvi moja, alikuwa amekuja na kompyuta mapajani safari nzima kama mtu aliyepakata mtoto mchanga, hakutaka ishikwe na mtu. Kioo kilipowaka kikaonyesha kilima cha majani mabichi na mbingu ya buluu yenye mawingu mawili matatu, na jirani mmoja, Mungu amrehemu, akauliza kwa sauti nzito, "Fundi, hapo ni wapi, na nauli yake shilingi ngapi?" Watu walicheka mpaka wakashikana. Kwa wiki nzima mtaani hapakuwa na hadithi nyingine.

Enzi hizo binti alikuwa na miaka saba. Akitoka shule alipanda mapajani mwa baba yake, na kazi yake ilikuwa moja tu: baba akisema "Haya!" yeye abonyeze enta. Cherehani ikianza kupiga, alipiga makofi akidhani ni yeye ndiye aliyedarizi. Chumba kilinuka mafuta ya mashine na nyuzi mpya. Kazi zilikuwa nyingi, usingizi ulikuwa mtamu, na Mama Uzi hakujua kwamba zile ndizo siku zenyewe. Alidhani siku zenyewe bado zinakuja.

"Umeandika?" mzee aliuliza.

"Chini mara tatu, kulia moja, enta. Ngoja. Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo unasikiliza. Ikinyamaza, unaandika namba."

Akaandika: *sikiliza*. Zilikuja kutimia hatua ishirini na sita.

*

Asubuhi Mama Uzi alikuwa wa kwanza kwenye duka la Bonyeza, lakini hakubaki peke yake kwa muda mrefu. Wateja walikwishaanza kujipanga alipomaliza salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naomba unioneshe hilo toleo la nyumbani. Nataka kulijaribu."

"Kulijaribu vipi?"

"We niwashie tu."

Bonyeza akamwashia mashine moja ya mezani. Mama Uzi akafungua daftari, akavaa miwani yake, akanyoosha kidole kimoja. Chini. Chini. Chini. Kulia. Enta. Kompyuta ikafungua ukurasa wenye picha za watoto wa watu wakiwa ufukweni. Akafunga. Akaanza upya. Safari hii ikamletea muziki, tena kwa sauti kubwa.

"Tumia mausi, mama," Bonyeza akamwambia kwa upole, akiisogeza karibu na mkono wake.

"Mausi siitaki."

"Kwa nini?"

"Siitaki tu."

Nyuma yake mtu alicheka. Kijana aliyeleta simu ya kutengenezwa akamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, "Bibi anadhani ni kikokotoo." Mama Uzi alisikia. Masikio yalimwaka moto. Alikuwa mke wa fundi anayeheshimika, mtu wa kuketishwa kiti cha mbele kwenye mahafali ya shule, na leo anachekwa na mtu ambaye nembo ya sweta yake ya utotoni aliitunga nyuzi yeye. Alitaka kugeuka ampe lake. Badala yake akashusha kidole: chini, chini, chini.

Toleo la nyumbani likamshinda. Akaomba toleo jipya kabisa, lile lililotoka mwaka huohuo. Hilo halikuwa hata na mahali pa kuanzia. Kila alipobonyeza lilimuuliza yeye ni nani. Akaomba toleo la kazi. Nalo likamtupa nje kwenye hatua ya pili. Alipotazama daftari, ile mistari ishirini na sita ilikuwa inacheza, akajua machozi yako karibu.

"Baba Bonyeza," akasema, na ile "baba" ilimtoka yenyewe, kama mtu anayebembeleza. "Hakuna lililo jipya, lakini ndani yake liwe lilelile la zamani?"

Safari hii duka zima likacheka. "Anataka mvua isiyolowesha!" mmoja akasema.

Bonyeza hakucheka. Alilichukua daftari kutoka mkononi mwake, akasoma. Chini mara tatu. Kulia mara moja. Sikiliza. Akasoma mpaka mwisho, kisha akamtazama yule mama usoni kwa muda. Bonyeza ana maneno mengi, lakini mjinga si mjinga. Akamrudishia daftari lake.

"Lipo," akasema. "Wewe kijana, simu yako haijawa tayari, kaa nje. Mama, njoo huku."

Akamweleza taratibu. Matoleo haya ni ndugu wa baba mmoja, lakini hawakurithi sawa. La nyumbani lina mapambo, ila halina chumba cha ndani. La kazi lina chumba. "Nikilifungua chumba hicho, ule mfumo wenu wa zamani unahamia humo na vyombo vyake vyote. Mpya unakaa mlangoni kama askari, flashi ikija inakaguliwa kwanza. Shule wakija wanaona mpya. Anayefanya kazi ndani anaona wa zamani. Nitaupanga ufunguke wenyewe mashine ikiwaka."

Akamwonyesha palepale, kwa nakala ya mfumo wao na programu yake aliyoichukua jana alipokuja kuipima kompyuta. Wimbo ule mfupi ukalia. Mama Uzi akashusha kidole, hatua ya kwanza, ya tano, ya kumi na moja, akiogopa hata kupumua, mpaka ya ishirini na sita. Kila hatua ikaitika. Alipomaliza aliketi tu, mkono kifuani.

"Hili," akasema.

"Hili bei yake mara mbili na zaidi, mama. Na lile alilolipia binti yako halirudishwi."

Mama Uzi alitazama huku na huku. Bonyeza na wasaidizi wake wawili walivaa fulana zilizofubaa, kila mtu na rangi yake. "Duka kama hili," akasema, "halina nembo. Nikupe mashati kumi, yenye jina la duka kifuani na mgongoni. Mchoro mpya wa nini, jina la duka lako si herufi tu?"

Bonyeza akakuna kichwa. "Kumi na mbili. Na kofia moja yangu."

"Na kofia, basi. Ila neno la daftari hili liishie hapa."

"Daftari gani, mama?"

*

Duka lina masikio, na mji una midomo. Jumapili binti aliingia bila kubisha hodi.

"Ni kweli, Mama, umelikataa toleo langu?"

"Sikulikataa. Tumechukua jingine."

"La kazi. La bei kubwa zaidi. Tangu lini wewe ukajua tofauti ya la kazi na la nyumbani? Niliuliza ofisini, wataalamu wakaniambia la nyumbani linawatosha wazee."

"Wazee," Mama Uzi akarudia.

"Usinishikie neno. Umekwenda dukani ukabonyezabonyeza mbele za watu, mpaka nimesikia habari hiyo ofisini kwangu. Kisha Bonyeza ananiambia la zamani mtalihifadhi humo ndani! Mama, si mnabadilisha ili muachane nalo? Mimi kazini nimebadilishiwa mfumo mara tatu, nimezoea. Baba naye atazoea. Kipya kinyemi."

"Ingawa kidonda," mama akamalizia.

"Sema tu zawadi yangu ilikuwa ndogo."

Neno hilo lilimkata Mama Uzi kuliko kicheko chote cha dukani. Alijua binti alivyojinyima kuipata hiyo zawadi. Viatu alivyovaa vilikuwa vilevile vya mwaka juzi. Jibu lilimjaa mdomoni: *Mwanangu, baba yako haoni.* Maneno manne tu, na ugomvi ungekwisha. Kutoka chumba cha kazi, mlango ukiwa wazi, alimsikia mzee akisafisha koo.

Akalimeza. "Zawadi yako ni kubwa," akasema. "Sisi ndio tumezoea vya kale. Tusamehe."

Binti akaondoka, chai imejaa kikombeni. Mama Uzi aliingia chumba cha kazi, akamkuta mumewe mikono mapajani.

"Umeniponza," akamwambia. "Miaka yote sijawahi kumdanganya mtoto wangu. Leo amelia getini, nimemwona dirishani."

"Baada ya Ijumaa," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nipe Ijumaa tu. Nikishapata kazi ya mwaka huu, nitamwambia nikiwa fundi. Nisimwambie nikiwa mtu aliyeshindwa."

*

Jumanne Bonyeza alikuja akauweka mfumo. Alipowasha, wimbo ukalia, na Fundi Nembo akainua kichwa kama mtu aliyeitwa na rafiki wa shuleni. Kwa siku tatu hakutoka chumbani. Mashati ya Bonyeza yalitoka, kofia ikatoka. Mama Uzi alisikia mzee akipiga mluzi, jambo ambalo hakulisikia tangu siku ile ya hospitali, naye akajikuta anatunga nyuzi huku akimwimbia. Mchana walikula wakikumbushana: yule kocha aliyetaka nembo ya simba, akaikataa kwa sababu simba ana sura ya upole, ile kwaya iliyopigiwa mavazi arobaini ikavunjika kabla ya kuyavaa. Walikuwa na furaha ya watu waliorudishiwa nyumba yao.

Ijumaa saa nne Mwalimu wa sare alifika, mtu mrefu mwenye mkoba na sura ya ukaguzi. Dakika chache baadaye binti naye akaingia. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alimsalimu mama yake bila kumtazama, lakini alikuja, na kwa Mama Uzi hilo lilitosha.

"Karibu, Mwalimu, kaa," Fundi Nembo alisema. Mwalimu akakaa kwenye benchi la wateja, ng'ambo ya meza. Mama Uzi akampa risiti ya Bonyeza, naye Mwalimu akaisoma mbele na nyuma.

"Toleo la kazi," Mwalimu akasema. "Vizuri. Hata sisi ofisini tuna la nyumbani." Akakohoa. "Tuna bweni jipya mwaka huu. Nataka nembo ileile, lakini jina la bweni chini yake. Naweza kuona mfano sasa hivi?"

"Jina?"

Mwalimu akalitaja, herufi kwa herufi. Fundi Nembo akarekebisha miwani, akakitazama kioo mbele yake kwa utulivu, na vidole vikaanza. Chini, chini, chini, kulia. Akasikiliza. Kumi na nne. Akaandika jina. Cherehani ikatetemeka, sindano ikashuka, na nyuzi zikaanza kukimbia juu ya kitambaa. Mwalimu akaegemea mbele kwa hamu. Hakuna anayeweza kuona kudarizi kukianza asisogee karibu.

Binti alizunguka meza kumletea baba yake glasi ya maji. Akafika nyuma ya kiti chake. Akasimama.

Kioo kilikuwa cheusi.

Alidhani kimelala. Akatazama taa yake ndogo ya pembeni: imezimika. Akafuata waya kwa macho mpaka chini, akaiona plagi imelala sakafuni. Asubuhi hiyo Mama Uzi alikuwa amefagia na kupangusa kwa ajili ya mgeni. Alichomoa plagi zote, akarudisha ya kompyuta na ya cherehani. Ya kioo hakuikumbuka. Katika chumba kile hakuna aliyekuwa na kazi nayo.

Binti akafungua mdomo kusema, "Baba, kioo hakijawaka." Kisha akaviona vidole vya baba yake vikiendelea, bila haraka, bila kusita, na uso wake umekitazama kile cheusi kwa makini yote ya fundi. Akaiona nembo inatoka kwenye sindano, herufi moja baada ya nyingine, haikukosea hata moja. Akamtazama mama yake. Mama Uzi alikuwa ameshaiona plagi. Alikuwa amejishika mdomo kwa viganja viwili, na machoni mwake binti alisoma yote: daftari, duka, toleo la kazi, ile "tusamehe."

"Hebu nione inavyokaa humo ndani ya kompyuta," Mwalimu akasema, akiinuka.

Hatua nne zilimtenganisha na upande huu wa meza. Mama Uzi hakuweza kusogea. Fundi Nembo alisema, "Karibu, karibu," kwa moyo mweupe, maana hakujua.

Glasi ikamponyoka binti. Au aliiachia, mpaka leo hasemi. Maji yakamwagika sakafuni, Mwalimu akaruka nyuma kuokoa viatu vyake.

"Samahani, Mwalimu! Ngoja nipanguse, usije ukateleza." Akapiga magoti chini ya meza na kitambaa, mkono mmoja ukapangusa, wa pili ukaisukuma plagi ukutani. Juu yake kioo kikapepesa, kikawaka. Mwalimu alipofika aliikuta nembo imetanda katikati, na nyuma yake, pembeni, majani ya kile kilima.

"Safi sana," Mwalimu alisema. "Safi. Jumatatu tuma mtu achukue sweta. Mia tatu na hamsini."

*

Mwalimu alikuwa amekwisha kufika barabarani. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Binti alikuwa bado amepiga magoti palepale, karibu na kiti cha baba yake, kitambaa chenye maji mkononi.

"Tangu lini?" akauliza.

Fundi Nembo alimgeukia mkewe. "Umemwambia?"

"Sikumwambia," Mama Uzi akasema. "Kioo kilikuwa kimezimika, mume wangu. Tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyesahau plagi."

Mzee akavua miwani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na walidhani analia, kumbe ni kicheko, kilichoanzia mbali. Lakini hakikudumu.

"Miaka mitatu, mwanangu," akasema. "Nilitaka kukuambia Ijumaa ikipita. Basi imekuwa leo."

"Na mimi, Baba? Mimi unaniona?"

Angeweza kumdanganya. Alikuwa hodari wa hilo. "Ukiwa pembeni nakuona umesimama, najua ni wewe. Nikikutazama, unapotea. Kwa hiyo pale katikati naweka sura ninayoikumbuka. Nadhani ni ya siku ile ulipoanza kazi. Ulikuwa umesuka nywele."

Binti aliweka kitambaa chini. Akauchukua mkono wa kulia wa baba yake, ule wa kazi, akauweka shavuni. Mzee alisita kwanza, kama mtu aliyeshika kitu cha watu. Kisha vidole vikaanza kutembea vyenyewe, polepole, kwenye paji la uso, chini ya macho, kwenye mfupa wa shavu. Hapo vikasimama. Vikarudi tena juu ya ule mfupa.

"Umekonda," akasema. "Mwanangu, umekonda sana, na hukuniambia."

"Nawe hukuniambia, Baba," binti akajibu, na hapo ndipo alipolia.